Matanga ya Mzee wa Kashindye

Vifungo nane vya serikali nilivikuta ndani ya friji ya maziwa, vimetiwa kwenye mfuko wa nailoni na kupigwa mafundo mawili, safi kuliko siku nilipovigawa. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilikuwa nimefungua friji kutafuta maziwa ya chai yangu, na mpaka leo huwa najiuliza mambo yangekuwaje kama siku ile ningeamua kunywa chai ya rangi.

Nilisimama pale mlango wa friji ukiwa wazi mpaka friji yenyewe ikaanza kulalamika. Vifungo vile vilitakiwa viwe vifuani mwa watu wanane, huko chini kwenye chumba cha kuoshea, vinanusa kila pumzi wanayoivuta. Kifungo ni kidogo kama sarafu. Kinanusa hewa inayoingia na hewa inayotoka, na zamu ikiisha kinaipelekea mashine habari za siku nzima. Mimi, Mwanamvua Kondo, Mzaramo wa Kisarawe niliyeletwa Tabora kwa barua ya uhamisho, ndiye mtunza vifungo wa karakana ya treni. Nimesomea kazi hii miezi tisa na cheti ninacho, kina muhuri.

Nikaubeba ule mfuko na kushuka nao ngazi kwa hasira.

Kashindye Maganga, msimamizi wa zamu ya kuoshea, alikuwa ameinama juu ya tangi akizamisha gurudumu kwa mnyororo. Treni zetu siku hizi zinaelea juu ya reli kwa sumaku, lakini zikikaribia stesheni zinashusha magurudumu ya kutulia, na magurudumu yana grisi. Treni imejifunza kuelea, grisi haijajifunza kitu. Inaoshwa vilevile kwa dawa ile ile ya zamani ambayo nchi nyingi zimeshaitupa, na ambayo kwetu yamebaki mapipa sitini ya kumalizia. Kwenye pipa imeandikwa trikloroethilini, jina ambalo sijawahi kusikia mtu akilitamka pale kazini. Wao wanayaita maji matamu, kwa sababu yananukia kama pipi iliyosahaulika mfukoni, na ukiyavuta tangu asubuhi, kufika saa sita kichwa kinakuwa chepesi na kila mtu anakuwa mchekeshaji.

Nilimwonyesha mfuko. Kashindye akafuta mikono, akatabasamu, akaniambia kwa fahari kwamba nisiwe na wasiwasi, vifungo vyangu vyote viko salama. Siku ya kugawa si nilisema mwenyewe kwamba ni mali ya serikali, vitunzwe, visichafuliwe? Basi yeye kama msimamizi alikaa akafikiri ni wapi mle karakana ambapo pana usafi wa uhakika, akaona ni kwenye friji. Kila asubuhi anavikusanya, jioni anavirudisha. Kwa miezi minane hakijapotea hata kimoja.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nyumbani kwake nilishawahi kualikwa. Rimoti ya televisheni imevikwa nailoni tangu ilipotoka dukani. Makochi yana vitambaa, na vitambaa vina vitambaa. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitu cha thamani na kumwambia akitunze, atakitunza mpaka kisifanye kazi iliyokileta.

"Kifungo kikikaa humu kitaharibika," alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mgeni. "Haya maji ni makali, Mzaramo. Siku ile Mihayo alidondosha kalamu ya wino humu, tulipoitoa ilikuwa uji."

Nikamuuliza, kama maji haya yanafanya kalamu kuwa uji, na kifungo kinaharibika, yeye je, ambaye anayavuta kwa miaka kumi na tisa?

"Kifungo hakinywi maziwa," alinijibu.

*

Naomba niyaeleze haya maziwa, maana ndiyo dini ya karakana. Kila anayeosha anapewa nusu lita zamu inapoisha. Utaratibu huo ulianza enzi za treni za mafuta, na hakuna anayejua nani aliuanzisha. Imani ni kwamba maziwa yanaingia kifuani, yanakamata kila sumu uliyoivuta, yanashuka nayo. Kashindye anakunywa yake kwa heshima, amesimama, kofia mkononi, halafu anajipiga kifua mara mbili na kusema kumekoshwa. Kwa hiyo ukimwambia kwamba maji matamu yanaharibu figo anakuonea huruma kwa kutojua kwako.

Jioni ile nilikaa karibu na kibanda cha uzee nikaona matunda ya friji. Kibanda kipo getini, kina kioo kikubwa na nyuma ya kioo kinaonekana kiti. Sheria iliyokileta ilitungwa na watu waliochoka kuwasomea wafanyakazi takwimu. Wakasema, mtu asiambiwe kwamba kati ya elfu moja watakufa kadhaa, maana kila mmoja anajiona yuko kwenye wale wengine. Aonyeshwe mzee wake. Mashine inachukua hewa aliyoivuta, inamkuza mpaka afike miaka sabini na mitano, inamkalisha kwenye kile kiti, na mtu anaongea na mzee wake kwa sauti yake mwenyewe. Mzee hatoi nasaha. Anakuwa tu alivyo, mwenye kutazama na atazame.

Na wazee wa zamu ya kuoshea walikuwa wa ajabu. Hewa ya friji imewalea vizuri. Mzee wa Mihayo alikuwa anaruka kamba. Mzee wa Kashindye alikuwa na meno yote, kifua kama mlango, na alikuwa amechoshwa na afya yake mwenyewe. Siku ile alikuwa akimlalamikia Kashindye kwamba vijana wa siku hizo za mbele hawawezi kumfuata kwa kutembea. Kashindye akamuuliza habari za miti. Amepanda mininga arobaini kwenye shamba lake nje ya mji, mti unaokawia mpaka wapandaji wengi wanakata tamaa, kwa sababu mzee wake alimwahidi kwamba ataikata mwenyewe na kujichongea kitanda.

"Bado kidogo," mzee akamwambia. "Usiwe na haraka, sote tupo."

Kashindye akatoka akicheka. Nilimtazama anavyokwenda kwenye baiskeli yake, mtu wa miaka arobaini na minne, na moyo wangu ukaniuma sana. Yule mzee alikuwa wa vifungo, hakuwa wake.

*

Kesho yake nilikwenda kwa Meneja Rutashobya. Yeye ni Mhaya, mtaratibu, na suti yake haijawahi kushuka ngazi za chumba cha kuoshea. Nikamweleza. Nikamkumbusha pia kwamba dawa ya tatizo ipo mle mle ndani: mashine mpya ya kuoshea kwa mvuke na sabuni, iliyoletwa miaka miwili iliyopita, ambayo haitoi harufu wala haihitaji mtu kuinama juu ya tangi. Imesimama katikati ya karakana imevikwa nailoni, ina utepe mwekundu kiunoni.

Meneja akasema anaijua vizuri hiyo mashine. Tatizo haijazinduliwa. Mgeni rasmi wa kwanza alihamishwa wizara wiki moja kabla ya sherehe. Wa pili aliugua. Wa tatu amethibitisha kwa mdomo, barua inasubiriwa. Akafungua droo akanionyesha mkasi wa dhahabu umelala kwenye mto wa hariri, na kwa hakika ulikuwa mkasi mzuri. Mashine ikianza kufanya kazi kabla ya kuzinduliwa, alisema, itakuwa imetumika, na hakuna mgeni rasmi anayekubali kuzindua kitu kilichotumika.

Kuhusu vifungo alinishauri nitumie busara. Nikiandika ripoti, chumba cha kuoshea kitafungwa siku hiyo hiyo, treni zitasimama kati ya Kigoma na Dodoma, na kila mtu atauliza mtunza vifungo alikuwa wapi kwa miezi minane. Niliiandika hata hivyo. Lakini ripoti haitoki bila saini yake, naye aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya mashine ya kubania karatasi, na hapo ilibaki.

Nikarudi kwa Kashindye mara tatu wiki ile. Nikamwomba, nikamtania, nikamfokea. Vifungo vikaendelea kulala kwenye ubaridi.

Sasa nifike kwenye jambo nililolifanya, na sitalipamba. Ovaroli za zamu ya kuoshea zinafuliwa kila Ijumaa na zinapita mikononi mwangu. Nilichukua kifungo cha akiba, nikakiandikisha kwa jina la Kashindye badala ya kile cha friji, nikakishona ndani ya ukosi wa ovaroli yake, mahali ambapo mtu hagusi. Sikumwuliza. Nilijiambia kwamba mtu anayelala kwenye nyumba inayoungua haombwi ruhusa ya kuamshwa. Kisha nikajiuliza, na kama kumwamsha ndiko kunakomtoa roho? Maana yule mzee mwenye kifua kama mlango ndiye aliyemfanya Kashindye aamke akiimba. Mimi nilikuwa nakwenda kumnyang'anya, na mkononi sikuwa na kitu cha kumpa badala yake.

Changu mimi, kifungo changu mwenyewe, kilikuwa kwenye mkoba kwenye nailoni yake. Kazi yangu ni ya ofisini.

*

Wiki ya kwanza mzee wa Kashindye alikataa kusimama. Akasema magoti. Kashindye akampa pole na kuongeza maziwa, akaanza kunywa lita nzima.

Wiki ya pili mzee alikuwa amekonda na suruali yake imefungwa kwa kamba. Alikuwa anaushika ubavu wa kushoto kila anapovuta pumzi. Kashindye alimuuliza kama amegombana na mtu. Mzee akamwambia mkojo wake umebadilika rangi, siku nyingine unakuwa mwekundu, lakini asimwambie Milembe. Milembe ni mke wa Kashindye. Watu wa foleni walisikia wakaanza kutazama viatu vyao.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, kiti kilikuwa kitupu. Kwenye kioo yalitokea maandishi madogo meupe: Mzee wako hakupatikana.

Kashindye alisoma, akasoma tena, akageukia foleni na kutangaza kwamba mzee ametoka kidogo, bila shaka kaenda kwa wakwe. Alhamisi akasema kaenda shambani kutazama mininga. Ijumaa alisimama mbele ya kile kiti amevua kofia, akamwaga maziwa yake kidogo kwenye kizingiti cha kibanda, akaondoka. Nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo kama mwizi, na sikuwa na pa kuficha uso.

Jumamosi alinikuta stoo. Mtu huyu tangu tufahamiane hajawahi kuniita kwa jina, mimi ni Mzaramo, mimi ni mla nazi, mimi ni yule mwanamke wa ngoma, nami humwita mbeba mizigo wa babu zetu, kwa sababu Wazaramo na Wanyamwezi ni watani na ndivyo tunavyosalimiana. Siku hiyo aliniita Mwanamvua.

"Mwanamvua, niambie kweli. Amekwenda wapi?"

Nikachukua ovaroli yake msumarini, nikageuza ukosi, nikamwonyesha.

Alikitazama kifungo. Halafu akakaa juu ya boksi la glavu. Nikaeleza yote, hewa ya friji, mzee wa uongo, figo. Nikamwambia kwamba huyu wa kiti kitupu ndiye wa kweli, ila bado anaweza kurudishwa, mashine inahesabu upya kila siku, akitoka kwenye tangi leo na kwenda hospitali leo, kuna nafasi.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Lakini uzee ni wangu, na kukataa ni kwangu." Akasimama. "Umenivua kama mtu anavyomvua mlevi viatu."

Naamini nilifanya sawa na naamini alikuwa sahihi kunikasirikia, na mambo haya mawili yamekaa ndani yangu bila kupatana. Jumatatu alirudi kwenye tangi. Nilipomuuliza kwa nini, alimtuma Mihayo aniambie kwamba magurudumu hayajioshi, na akiondoka yeye ataingia mwenye mapafu mapya ambaye hajui hata kusimama upande wa upepo. Utani ukafa kati yetu. Nilimwita mbeba mizigo akanipita kama nguzo.

Nilivumilia siku nne. Kisha nikaenda kwa Milembe.

*

Wasiojua utani wa msibani wataona tulichokifanya ni wazimu. Kwetu mtani ana haki kwenye msiba ambayo hata ndugu wa damu hana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake, kutangaza uchoyo wake mbele ya shekhe na padri. Anaweza kulala juu ya jeneza na kuzuia maziko mpaka apewe anachokitaka. Na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Anayemkasirikia mtani msibani amejiaibisha yeye.

Ijumaa saa nne, wakati wa chai, karakana nzima ilipanda kutoka chini na kukuta mikeka imetandikwa kuizunguka mashine mpya. Milembe alikuwa amekaa mbele, kanga kichwani, analia kwa ufundi. Sufuria la ubwabwa lilikuwa linatoa mvuke. Na mimi nilikuwa nimelala chali juu ya ile mashine, juu ya nailoni yake, nimevaa buti za mpira za Kashindye na kofia yake, mikono kifuani.

"Nani kafa?" Mihayo akauliza.

"Mzee wa mume wangu," Milembe akamjibu. "Alikuwa na miaka sabini na mitano. Tulikuwa tunamtegemea."

Kicheko cha kwanza kilianzia nyuma, kikazuiwa, kikatoka puani. Kashindye alisimama mlangoni. Hakuingia, hakuondoka.

Nikainuka juu ya mashine nikaanza kazi. Nikatembea huko huko juu kama Kashindye, tumbo mbele, nikakagua magurudumu ya hewani, nikachukua mfuko wa nailoni nikaufunga kwenye kijiko, kwenye sahani, kwenye sikio langu, ili visichafuke. Nikanywa kikombe cha maziwa nimesimama, kofia mkononi, nikajipiga kifua mara mbili. Wale saba wenzake walikuwa wanalia kwa kucheka, Mihayo amekaa chini. Hapo nikawaambia, kwa sauti ile ile ya Kashindye:

"Wanangu, maziwa yakinywewa yanakwenda tumboni. Maji matamu yanapita puani na kwenye ngozi, yanakwenda kwenye damu, na damu inaipelekea figo, nayo figo inachuja miaka kumi na tisa mpaka inaota uvimbe. Hawa wawili hawajawahi kukutana njiani. Mimi nilikuwa nanywa maziwa kumtafuta mtu aliyeshuka kituo kingine."

Kicheko kilipungua. Nikaona wanatazamana. Kuna mambo ambayo ukiyasema kwenye semina watu wanasinzia, na ukiyasema umevaa buti za marehemu yanaingia.

Kelele zilimtoa Meneja ofisini. Alipoona msiba alifanya kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, akavua miwani, akainamisha kichwa, akampa Milembe mkono wa pole, na ndipo akauliza kwa mnong'ono ni nani. Akaambiwa. Kabla hajapata la kusema nikamtangaza kuwa yeye ndiye mfiwa mkuu, baba wa karakana, na mimi mtani nimeshalala juu ya jeneza, sishuki na maziko hayafanyiki mpaka nipewe ninachokitaka.

"Unataka nini, Bi Mwanamvua?"

"Mkasi."

Meneja akaanza kueleza habari za mgeni rasmi na barua inayosubiriwa. Watu wakaguna, maana mfiwa habishani na mtani. Nikamwambia asihangaike, mgeni rasmi yupo. Ametoka mbali kuliko mawaziri wote, ametoka miaka thelathini na moja mbele, na amekufa njiani akija. Mgeni rasmi wa leo ni marehemu, na mwakilishi wake yuko pale mlangoni.

Wote wakageuka. Kashindye alikuwa bado amesimama pale pale. Muda ule ulikuwa mrefu sana kwangu, kwa sababu alikuwa na haki ya kuondoka, na kama angeondoka ningeshuka juu ya ile mashine nikiwa mwanamke mjinga aliyevaa buti za mwenzake. Milembe aliacha kulia kwa ufundi, na nikaona kwamba machozi yaliyobaki yalikuwa ya kweli.

Kashindye akaja taratibu kupita kwenye mikeka. Akanitazama kuanzia kwenye buti mpaka kwenye kofia.

"Mla nazi wewe," akasema. "Shuka kwenye jeneza langu, utalivunja."

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka Meneja amekwenda na kurudi na mto wa hariri, na Kashindye amechukua mkasi wa dhahabu kwa mikono yake yenye ngozi iliyobabuka, na utepe umekatika. Kisha nailoni. Ilichukua watu saba kuichana, kwa sababu walikuwa wanaichana kwa adabu, wakitafuta ncha ya kuikunja waihifadhi, mpaka Kashindye mwenyewe akaishika na kuipasua kwa nguvu kutoka juu hadi chini. Mtu akapiga picha. Meneja alikuwa ameshajipanga katikati, miwani imerudi, na picha hiyo ndiyo iliyokwenda wizarani pamoja na ripoti yangu, ambayo mchana ule ilipata saini.

Tukala ubwabwa. Mihayo aliuliza kama msiba wa mzee wake ni lini, ajipange.

*

Mashine ya mvuke inafanya kelele na inatoa harufu ya sabuni ya kufulia. Hakuna anayekuwa mchekeshaji saa sita, labda aliyezaliwa hivyo. Matangi yalimwagwa na watu waliokuja na mavazi kama ya kwenda mwezini, na mapipa yakaondolewa. Nusu lita ya maziwa imebaki. Niliipigania mwenyewe kwenye kikao, nikasema wanywe kwa sababu ni maziwa.

Hospitali walimkuta Kashindye na uvimbe kwenye figo ya kushoto, mdogo kama punje ya harage. Daktari alisema ungekaa mwaka mmoja zaidi wangekuwa wanazungumza na Milembe peke yake. Wakaitoa figo yote. Alirudi kazini baada ya miezi mitatu, amepungua, akapangiwa kukaa kwenye kiti na kubonyeza vitufe vya mashine aliyoizindua, na kila ninapopita anaangalia kama kifungo chake kiko wazi kifuani, kimechakaa na kuingia madoa kama kilivyotakiwa.

Hakuwa amenisamehe kwa maneno. Aliendelea kwenda kibandani kila zamu inapoisha, na kiti kiliendelea kuwa kitupu. Mtaalamu wa mashine alituambia tusubiri, mwili unarudi polepole na hesabu inarudi polepole zaidi, na huenda isirudi.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, jua bado kali. Nilimsikia ananiita Mzaramo, mara mbili. Nilipofika alikuwa amesimama mbele ya kioo kofia imemdondoka.

Kwenye kiti alikuwa amekaa mzee. Hakuwa yule wa kifua kama mlango. Alikuwa mwembamba, amekaa upande, ana fimbo, na meno kadhaa hayapo. Alikuwa anajaribu kukaa vizuri na ubavu unamsumbua. Nyuma yake kilionekana kitanda, kipya, rangi nyekundu ya mninga, na sikuwahi kuona kitanda kilichochongwa vibaya namna ile.

Kashindye akaokota kofia akaibana kifuani. Mzee akamtazama kwa subira, kisha akakohoa na kusema yeye hana siku nzima.

"Yule Mzaramo bado yupo?"

"Yupo hapa."

"Alivaa buti zangu. Akala ubwabwa wangu." Mzee akapumzika kidogo kati ya maneno. "Mwambie wa kwake nitaupika mimi, nimvalie viatu vyake, nimlalie juu ya jeneza. Tena sitashuka."

Kashindye alicheka mpaka akashika ubavu wake, mahali pale pale alipoushika yule mzee. Mimi nililia. Nililia kwa raha mbele ya foleni nzima, sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile.

Halafu nikafikiria maneno yake. Miaka mitatu nimekaa ghorofa moja juu ya yale matangi, dirisha la ofisi likiwa wazi kwa sababu ya joto, na kila saa sita nilikuwa najiona mchekeshaji sana. Nikafungua mkoba wangu. Kifungo changu kilikuwa mle kwenye kona, safi, kwenye nailoni yake ya kiwandani. Nilitafuta ncha ya kuifungua vizuri, nikaona Kashindye ananitazama, nikaichana kwa meno.